Bwana Dominick Likwata na Maswali Yake Mia Moja na Arobaini

Tarehe 30 Juni 2025 Bwana Dominick Likwata anatimiza miaka thelathini na sita ya utumishi katika Jumuiya ya Maji Mwambao, na siku hiyohiyo anastaafu kwa mujibu wa sheria. Tunamuaga leo Jumamosi, siku mbili kabla, kwa sababu mahema yalipatikana leo. Niliyeombwa kuandika wasifu huu ni mimi Fauzia Chilumba, msaidizi wake katika kitengo cha mifumo ya kompyuta, na kuanzia Jumanne mrithi wa kiti chake. Kiti chenyewe amenikabidhi skrubu zote zikiwa zimekazwa, pamoja na bisibisi.

Alizaliwa Milola mwaka 1965, kwa wakulima wa korosho. Julai 1989 aliajiriwa kuwa mtunza pampu hapa Kilwa Kivinje. Wiki ya kwanza kazini alikuta kipimo cha ukutani kinaonyesha tangi limejaa, na huku nje kina mama wamepanga ndoo kwenye bomba kavu. Mtangulizi wake alikuwa na kawaida ya kubishana na kina mama. Bwana Dominick aliwaamkia, akachukua mwanzi, akapanda ngazi hadi juu ya tangi na kuuzamisha. Ukatoka mkavu mpaka ncha. Kipimo kilikuwa kimekwama tangu msimu uliopita, na ripoti zote za msimu ule zilisema tangi limejaa.

Tangu siku hiyo akawa na swali moja ambalo kila mtumishi wa Jumuiya amewahi kuulizwa: "Umeliona kwa macho?" Wakubwa zake aliwaanza kwa shikamoo, akasubiri marahaba, kisha akawauliza hivyohivyo. Ndiyo maana hakupanda cheo kwa miaka kumi na nne.

Mwaka 2003 kompyuta zilifika, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka kulaumiwa nazo, alipelekwa Dar es Salaam kwa kozi ya miezi mitatu. Alirudi na cheti kimoja na mashaka maradufu.

Kwa wageni wetu ambao si watu wa kazi hii, naomba nieleze kidogo. Tunayo programu kubwa inayosoma vipimo vya matangi na kuendesha pampu. Tukitaka ifanye kazi mpya hatuiandiki upya yote, tunaijengea kiendelezi, kama unavyoongeza chumba kwenye nyumba iliyokwisha simama. Ili kiendelezi kijengwe, mashine lazima iwe na kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine. Lazima pia iwe na maktaba, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambazo kiendelezi huziazima badala ya kuanza mwanzo. Mafundi wengi huuliza kama vitu hivyo vipo, wakijibiwa vipo wanaanza kujenga.

Bwana Dominick hakuwahi kujibiwa "vipo" akatosheka. Aliandika programu ndogo, akaiita Mkaguzi, na akakataa kujenga kitu chochote kabla Mkaguzi hajapita. Mkaguzi huiuliza mashine maswali mia moja na arobaini, na majibu hutokea kwenye skrini mstari kwa mstari. Natafuta kompaila: ipo. Naiomba itafsiri mstari mmoja: imetafsiri. Natafuta maktaba ya vipimo: ipo. Naiuliza nusu ya tatu: moja na nusu. Swali hilo la nusu ya tatu ndilo lililochekwa kuliko yote. Bosi mmoja, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kusema kwamba kwa mshahara tunaowalipa mafundi hawa alitegemea wawe wanaijua nusu ya tatu.

Kwenye kompyuta zetu kuukuu ukaguzi huo ulichukua dakika arobaini. Bwana Dominick alikaa mbele ya skrini na kikombe cha chai na kipande cha muhogo, akiitikia kila "ipo" kwa kichwa kama anayepokea salamu za jamaa.

Tabia haikuishia ofisini. Ndugu yetu Mustansir, mwenye duka la vifaa vya ofisi Kilwa Masoko, ambaye pia hukodisha viti vya sherehe, atakumbuka siku Bwana Dominick alipokwenda kukodi viti sitini vya harusi ya binti yake. Alivikalia vyote sitini. Kumi na moja alivikataa, na Mustansir, ambaye kwanza alinuna, baadaye alikiri kwamba vinane kati ya hivyo vilikuwa vimeunganishwa kwa waya. Mkewe, Mama Genoveva, naye anasimulia kwamba siku chache kabla ya ndoa yao aliambiwa kutoka kanisani hadi ukumbini ni dakika kumi kwa miguu. Bwana harusi mtarajiwa aliitembea njia hiyo mwenyewe, na saa mkononi, kwa mwendo aliokadiria kuwa wa shangazi zake. Zilikuwa dakika thelathini na tano. Mama Genoveva asema ndipo alipojua kuwa huyu hatamdanganya, ingawa pia atamchelewesha maisha yake yote.

Mafanikio yake ni mengi, na mengi kati ya hayo ni mambo ambayo hayakutokea. Hilo ni tatizo kubwa kwa mwandishi wa wasifu. Pampu ambayo haikuungua haina picha, na bomba ambalo halikupasuka halipewi cheti. Basi naomba nieleze jambo moja ambalo lilitokea, kwa kuwa hilo picha zake zipo.

Septemba 2014 walikuja washauri watatu, kila mmoja na kitambulisho shingoni kikubwa kuliko uso. Walileta kiendelezi cha kuwasha na kuzima pampu bila mkono wa mtu. Walikuwa wamekijengea kwenye kompyuta yao mpakato huko walikotoka, wakakinakili kwenye yetu. Bwana Dominick akaomba dakika arobaini. Akajibiwa kwamba kwao inafanya kazi. Akasema anafurahi kusikia hivyo, ila maji ni ya hapa. Akaombwa atie saini fomu ya kukubali mfumo, akaweka kalamu mezani.

Fomu ikasainiwa na mwingine. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe saa tano asubuhi chini ya tangi la Kivinje, ngoma zikalia, na pampu ikawaka. Kiendelezi kilikuwa kimejengwa kwa maktaba isiyokuwamo kwenye mashine yetu, kwa hiyo kila kilipouliza tangi lina maji kiasi gani kilipata sifuri, nacho kikaendelea kusukuma. Ilipofika katikati ya hotuba tangi lilifurika juu ya hema kuu. Mgeni rasmi aliondoka na viatu mkononi. Ripoti ya hafla iliandikwa kwamba siku hiyo huduma ya maji iliwafikia wananchi wengi kwa wakati mmoja.

Mei Mosi iliyofuata mfanyakazi bora alikuwa aliyesaini fomu. Bwana Dominick yeye alikuwa ameshapata barua ya onyo Oktoba ileile, kwa kosa la kukosa ari ya uzinduzi na kukwamisha maendeleo kwa maswali. Barua hiyo niliichapa mimi. Nilikuwa karani mpya, nilijua ni dhuluma, na niliichapa vizuri, bila kosa hata moja, kisha nikampelekea nikiwa nimeinamisha uso. Aliisoma yote. Akanirudishia, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, umeiandikia tarehe 12 Oktoba, nayo ilikuwa Jumapili, ofisi haikufunguliwa. Kairekebishe, isije ikakuletea shida wewe." Nilikwenda chooni nikalia. Wiki iliyofuata nikaomba kuhamia kitengo chake, naye akanipokea kwa kuniuliza kama nimewahi kupanda ngazi ya tangi.

Karibu miaka kumi na moja nimekunywa naye chai mbele ya Mkaguzi. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Alinifundisha kuiandikia mashine ngeni mstari mmoja usiofanya lolote, kuona tu kama inaweza kuufanya. Alinifundisha kwamba jina la maktaba kuwepo kwenye orodha si sawa na maktaba kuwepo, na kuwepo kwake si sawa na kujibu kweli. Siku nilipomkuta na kosa yeye mwenyewe, kwenye swali la tisini na mbili, alifurahi kiasi cha kuninunulia pweza wa kukaanga, akawaeleza watu wote sokoni kwamba amekosea.

Sasa nifike kwenye leo. Meneja wetu, Bwana Stefano, ambaye ana mapenzi makubwa na kasi, ametoa waraka kwamba kuanzia tarehe 1 Julai Mkaguzi naye astaafu pamoja na aliyemtunga, ili tuokoe dakika arobaini. Na kwa kuwa wageni wamekwisha alikwa na pilau imekwisha agizwa, hafla hii imeunganishwa na uzinduzi. Ratiba iliyo nyuma ya kijitabu hiki inasema saa sita kamili mstaafu mwenyewe, kama heshima ya mwisho, atabonyeza kitufe cha kiendelezi kipya cha kutia dawa ya klorini katika maji ya Kivinje, kwenye seva mpya, yaani kompyuta kuu, iliyowasili wiki iliyopita.

Jumatano nilimwendesha Mkaguzi kwenye seva hiyo. Sikumwambia mtu. Kompaila: ipo. Mstari mmoja: imetafsiri. Maktaba ya vipimo: ipo, kwa jina lake na toleo lake kama ilivyoandikwa kwenye sanduku. Naiuliza nusu ya tatu.

Ilijibu bilioni moja, milioni sitini na tisa, mia tano arobaini na saba elfu, mia tano na ishirini.

Nilirudia mara tatu. Maktaba imejengwa kwa mpango mwingine na kompaila yetu kwa mpango mwingine, basi moja na nusu ikiondoka upande huu inafika upande wa pili ikiwa hiyo bilioni. Na miligramu moja na nusu kwa lita ndicho kipimo cha klorini cha Kivinje. Pampu ya dawa ingefunguka mpaka mwisho, na maji hayo yangenywewa mchana huu na watoto wa watu, kwa kidole cha mtu pekee katika Jumuiya hii ambaye asingekubali kamwe.

Nilimpelekea Meneja karatasi ya majibu. Alisema ratiba imekwisha pitishwa, mgeni rasmi yuko njiani kutoka Lindi, mimi nikaandike wasifu. Nimeandika. Meneja wetu husoma ratiba, wasifu huwa hasomi, kwa hiyo ataujua huu pamoja nanyi leo, ukisomwa kwa kipaza sauti.

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo. Uzinduzi wa saa sita hautakuwepo. Utakuwepo siku maktaba sahihi itakapowekwa na nusu ya tatu itakapokuwa moja na nusu. Kitufe chekundu kilicho mezani mbele yako hakijaunganishwa na kitu chochote. Waya wake uko kwenye mkoba wangu, na ukaguzi huo nimeufanya kwa macho. Bwana Meneja, kama kuna barua itakayoniandama, nitaipokea kwa mikono miwili. Naomba tu tarehe yake isiwe Jumapili.

Bwana Dominick, tunakushukuru kwa maji yote tuliyokunywa bila kujua kwamba ulikuwa umeyatangulia. Tunakushukuru wewe Mama Genoveva kwa kutuazima mumeo dakika arobaini arobaini kwa miaka yote hii. Mnakokwenda Milola tumeambiwa bomba linafika mpaka uani, nami najua utapanda ngazi kwanza. Upande polepole. Mungu awape afya, mikorosho izae, na wajukuu wakuulize maswali mpaka uchoke.

Mwisho kabisa wa Mkaguzi kuna mstari ambao wageni hawauoni, kwa sababu kila mara uliujaza wewe. Mashine huuliza jina la anayeikagua, na isipolipata hukataa kuendelea. Jumatano, Baba, nililiandika la kwangu.

Natafuta mkaguzi: yupo.