Mwanasha Hakutaka Mukonyo Asubiri Bure

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuwahudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Makao ya Mvuli, Kangemi, Bi. Mwanasha Abdulrauf anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Ningependa kuandika kwa furaha, lakini furaha yenyewe imegoma.

Alikuja kwetu kutoka duka la vitambaa la babake pale mjini, akiwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Chai yake ya tangawizi imewatoa machozi wageni wengi. Sisi tulijifunza kuinywa kimya. Ugomvi wake na Ochola wa getini kuhusu redio haujapata mshindi hadi leo.

Lakini kazi yake naikumbuka zaidi kwa Mukonyo, mkazi wetu asiyeongea, mtu mpole anayependa kukunja mashuka. Mamake alikuwa akimtembelea kila Jumapili. Ghafla akaacha kuja, na Mukonyo akaanza kumwaga chakula na kuuma watu. Daktari alimpima meno, masikio na tumbo, asione ugonjwa. Wengine wetu walisema ni ukaidi, wengine mapepo, na dawa za kumtuliza zikaanza kutajwa. Mwanasha akaomba tungoje kidogo, akampigia simu kakake Mukonyo.

“Mathe tulimzika mwezi uliopita,” kakake akajibu. “Huyo msimwambie. Hawezi elewa.”

Mwanasha alilia jikoni, kisha akaketi na Mukonyo na kumwambia kuwa mama amekufa, hatakuja tena. Akampeleka kaburini Lang'ata, ambako Mukonyo aliushikilia msalaba akakataa kuondoka. Kuuma watu kuliisha polepole. Huzuni haikuisha, na Jumapili bado ni siku mbaya kwake.

Mwezi uliopita tulipendekeza kwamba Mwanasha akishaondoka, wakazi waambiwe yuko likizo, wasije wakasumbuka. Alikataa katakata.

“Mkimwambia Mukonyo niko likizo, atakaa akinisubiri,” alisema.

Tangu hapo, kila asubuhi baada ya uji, humwambia mwenyewe kwamba anaondoka. Inauma kuwatazama. Juzi Mukonyo alimuuma mkono, na hiyo ndiyo bandeji mtakayoiona leo kwenye sherehe ya kumuaga. Msimamizi alipotaka kuandika kuwa ukorofi umerudi, Mwanasha alimwomba aandike kuwa Mukonyo ameelewa.

Asante, Bi. Mwanasha. Tunakuombea afya njema na mapumziko uliyoyatolea jasho. Mukonyo akikutafuta, tutamwambia ukweli.