Baridi Inayokimbilia Kioo

Kwenye basi, siti ya mbele yangu, mama mmoja alikuwa amepakata feni ndogo ya kuchomeka garini. Mzee aliyeketi kando yake, fundi wa magari kwa ushahidi wa grisi kwenye kucha zake, akamuuliza ni ya nini.

"Ya baba. Kila tukimpeleka kliniki na kifua chake kile, tukianza tu kupanda mlima, baridi ya kiyoyozi yote inahamia kioo cha mbele. Kaka yangu ndiye fundi wetu. Anaongeza gesi, anaongeza gesi."

"Gesi mnaionea, mwanangu. Vile vifuniko vinavyoelekeza hewa vinashikwa na mvuto wa injini, inavyofyonza hewa kwa kijimpira chembamba kama mrija. Kikipasuka kinavuja, na mlimani mvuto unapungua, vifuniko vinaachia, baridi inakimbilia kioo. Mbadilishe kijimpira tu. Injini ikiwaka utakisikia kinafyonza, ssss."

Nami nilitega sikio, mtu nisiye hata na baiskeli.

"Sasa kaka nitamwambiaje?"

"Mwambie ukweli."

"Kwamba fundi wa kwenye basi amemshinda? Atasusa, halafu baba atapelekwa na nani?"

"Kwa hiyo mgonjwa atoke jasho ili fundi asinune?"

Mama akaigeuzageuza ile feni. "Nitasema baba ndiye aliyesikia huo mlio."

"Kwani masikio yake mazima?"

"Hasikii hata mlango ukigongwa. Lakini kaka hajawahi kumbishia."

Basi likasimama, mama akashuka. Feni hakuisahau.