Mwalimu Abdulhalim na Kikapu cha Debal

Mwalimu Abdulhalim Shahdad anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na minne ya kufundisha historia katika Shule ya Jumamosi ya Mwangaza, hapa Burnsville, ughaibuni. Kamati imenipa mimi, Rahab Kemunto, mwalimu wa Kiswahili wa chumba cha jirani, kazi ya kuandika wasifu wake. Nilijaribu kujitetea kwamba mtu huyu sijawahi kumwelewa. Nikajibiwa kwamba hakuna aliyewahi kumwelewa, basi niandike tu.

Haya. Mwalimu alizaliwa Makadara, Mombasa, katika ukoo wa Kibulushi. Siku za kazi alikuwa dukani kwake akiuza mchele, viungo na kofia, na Jumamosi alikuwa wetu. Wakati wa theluji alifika kabla ya kila mtu, kofia ya kiua kichwani na koti kubwa kama godoro mwilini, akasafisha njia ya mlangoni huku akiilaumu baridi kwa sauti, kana kwamba ina masikio. Madaftari aliyasahihisha kwa kalamu ya kijani, kwa sababu nyekundu, alisema, inafokea watoto. Chai yake ya tangawizi imewafanya walimu wapya wawili kutokwa na machozi, na mmoja wao ni mimi.

Shule hii ilianzishwa na familia za pwani zilizotaka watoto wajue Kiswahili na walikotoka watu wao. Baadaye tukajiunga na sisi wengine. Mimi ni Mkatoliki wa Kisii, muuguzi kwa kazi, na nilikuja kufundisha ngeli tu. Sikujua kwamba ukuta wa pili kuna vita.

Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, Mwalimu alifundisha somo la Sindh. Kwa wageni wetu wa leo: Sindh ni nchi ya bondeni ambayo sasa iko Pakistan. Mwanzoni mwa karne ya nane ilitawaliwa na mfalme Dahir, na watu wake walikuwa Wahindu na Wabudha. Jeshi la Waarabu, chini ya kijana aitwaye Muhammad bin Qasim, lilipita jangwa la Makran, kwao Wabulushi, likauzingira mji wa bandari wa Debal na kuuteka. Mtu mwingine angelieleza hilo ubaoni likaisha. Mwalimu aliligeuza darasa kuwa Debal.

Alileta kikapu cha ukili chenye vikaratasi vilivyokunjwa. Kila mtoto alivuta kimoja: ama Jeshi, ama Mji. Kubadilishana marufuku. Watu wa Mji walisimamisha hekalu la maboksi na bendera juu ya ngazi. Watu wa Jeshi walipewa mtambo wa kurushia mawe, ambao wa kale waliuita Bi Arusi, ila wa kwetu uliundwa kwa rula na mipira, ukarusha soksi. Bendera ikianguka, mji umetekwa.

Sasa hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Jeshi likishashangilia, Mwalimu aliwasimulia mauaji ya Debal, na washindi wakaficha soksi zao. Mji ukishakasirika, aliwaambia kwamba mji mwingine, ambao gavana wake alikuwa Mbudha, ulikuwa umeshafanya amani na kufungua milango. Watoto wakishazoea hilo, akaeleza jinsi kwingine watu walivyoruhusiwa kujenga upya hekalu lao. Halafu, jamani, yule kamanda mshindi akakamatwa na wakubwa wake mwenyewe akafia gerezani! Watoto wakauliza nani alikuwa na haki. Mwalimu akajibu kwamba hajui, na kwamba ni wakati wa chai.

Jioni simu zilikuwa zangu. Mzazi mmoja mtoto wake amerudi akisema tumeshinda, wa pili wake analia kwamba tumevamiwa, na wote wanataka kujua hao sisi ni akina nani. Hata mimi nilikuwa nauliza.

Mwaka mmoja theluji ilirudi ghafla, akafika mwanafunzi mmoja tu, Aaliyah. Mwalimu hakuahirisha. Binti alivuta vikaratasi vyote viwili, akarusha soksi, akakimbia kuilinda bendera, akachelewa. Mama yake alipokuja kumchukua, Aaliyah alimweleza kwa Kiingereza, akihema, kwamba amejiteka mwenyewe. Sasa anasoma chuo kikuu, na leo amekuja kula keki.

Lakini lililotufikisha hapa ni la mwaka jana. Hetal ni mwanafunzi wangu. Wazazi wake ni Wahindu wa Mombasa wanaoishi Saint Louis Park, na anajifunza Kiswahili ili aongee na nyanya yake kwa simu. Baba yake, Bwana Bharat, aliposikia darasa la historia litaiteka Sindh, alikuja na kuketi nyuma bila kuvua koti. Niliona wazi kwamba amekuja kumwondoa mtoto, nikaanza kusali kimoyomoyo.

Hetal akavuta Jeshi. Hussni, mtoto wa anayetuongozea sala, akavuta Mji. Hetal alirusha soksi moja tu na bendera ikaporomoka. Akaruka juu akipiga kelele kwamba wamewamaliza! Hussni akaanguka juu ya maboksi akilia kwa uchungu wa kweli: wametuvunjia hekalu letu! Mama yake Hussni akanitazama. Bwana Bharat akanitazama. Mimi nikatazama dari. Mwishowe Bwana Bharat alimwendea Mwalimu akamwambia kwamba amekuja na hasira zake tayari, lakini sasa hajui amkasirikie nani. Mwalimu akammiminia chai. Hetal hakuondolewa.

Kamati hata hivyo iliingiwa na hofu. Wengine walitaka somo lifutwe kwa kuwa linawaudhi jirani zetu, wengine kwa kuwa linaudharau ushindi wetu, na hawa waliopingana kwa kila kitu wakanyoosha mikono pamoja. Mwenyekiti wetu, Bi Saada, akakata shauri: somo litabaki ikiwa Rahab atalirithi. Rahab akikataa, limekwisha. Jibu linatakiwa leo.

Mimi! Nilikwenda dukani kwa Mwalimu nimefura. Nikamwambia anipe jibu sahihi, upande upi ulikuwa na haki, maana siwezi kufundisha nisichokijua. Ndipo akanisimulia. Utotoni Makadara, babu yake alisema ukoo wao ndio uliolionyesha jeshi njia jangwani. Nyanya yake, katika nyumba hiyohiyo, alisema ukoo wao ndio uliolikimbia jeshi hilo na kupoteza kila kitu. Kila alasiri walibishana kwenye chai, na kila mmoja alimvuta mjukuu akae upande wake. Mtoto alikaa katikati. Walikufa mwaka mmoja, bado hawajakubaliana, na yeye bado hajachagua.

Nikagundua jambo. Miaka yote hii sijamwona Mwalimu akivuta kikaratasi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, huku akipanga kofia zake, kwamba siku akivuta, mmoja wa wale wazee atabaki anakunywa chai peke yake. Nilitoka dukani mle nikilia, na safari hii haikuwa tangawizi.

Basi Bi Saada, jibu langu ni ndiyo. Nalichukua somo, ingawa bado silielewi, na nadhani ndivyo linavyochukuliwa. Ila nina sharti moja, na ni kwako, Mwalimu. Kikapu kiko mezani, karibu na keki. Leo kina vikaratasi viwili tu, kimoja Jeshi, kimoja Mji. Utavuta kimoja, mbele yetu sote.

Kitakachobaki ni changu. Ukienda kwa babu, mimi nitakaa na nyanya. Ukienda kwa nyanya, nitammiminia babu. Hakuna atakayeachwa peke yake.

Tunakushukuru kwa kila Jumamosi uliyotupa. Uishi kwa raha huko Champlin kwa binti yako Lubna, na theluji ya huko ikuheshimu. Haya, Mwalimu wetu, vuta.