Lukia, Aliyetaja Ugonjwa wa Watoto Wetu

Bwana asifiwe. Mimi ni Zefania, mdogo wa Melkizedeki, mume wa marehemu, elimu yangu ni darasa la saba tu, nikikosea mnivumilie.

Shemeji yetu Lukia alizaliwa tarehe 4 Machi 1948 kijijini Ngujini, Ugweno, akasoma hukohuko hadi darasa la nne mwaka 1960, na tarehe 17 Septemba 1966 akafunga ndoa na kaka yangu hapa Gonja. Alilima tangawizi, na mitumba iliporuhusiwa akawa anashuka kuiuza Same, wateja wakamwita Mama Haipungui.

Mungu aliwajalia Priska mwaka 1967, Paskali mwaka 1971, na Eliufoo tarehe 2 Februari 1983, miaka ile ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Kabla hajatimiza miaka miwili, mboni ya jicho la Eliufoo ilianza kung'aa kama ya paka mbele ya koroboi, jicho likavimba, na tarehe 19 Mei 1985 akafariki kwa saratani. Sisi tuliwatangazia surua, kama tulivyozoea kwa watoto wengine wa ukoo waliokufa hivyohivyo, maana mnajua washenga kabla ya posa huzunguka wakiulizia magonjwa ya ukoo, na Priska alikuwa ana mchumba.

Mwaka 1986 alipanda daktari kutoka Moshi, akaeleza kwamba yeye na wenzake wa nchi nyingi wanaunganisha damu na habari za familia zenye saratani hii, kwa kuwa familia moja peke yake haitoshi kuonyesha ugonjwa unaanzia wapi. Wazee walikataa, na shangazi Rabia akamwambia Lukia, wewe mtu wa kuja unataka kuanika mambo ya wenyewe, huyo binti ataolewa na nani, na daktari? Lukia akasema, shikamoo shangazi, ila surua gani hii inayochagua macho ya ukoo mmoja. Akawataja watoto wote wa ukoo waliokufa kwa ugonjwa huo, akaruhusu faili la hospitali la Eliufoo litumike, na mumewe na watoto wakatoa damu. Posa ya Priska ikavunjika, tukamnunia Lukia miaka mingi, Mungu atusamehe.

Mwaka 1994 daktari alirudi, akasema kasoro iliyo katika damu yetu imeonekana palepale katika damu ya mtoto wa nchi ya theluji, asiyejua Gonja iko wapi. Ndugu zangu, kumbe Muumba anatuandika sote kwa mwandiko mmoja, na ya kwetu imesaidia kusoma ya kwao.

Ndiyo maana Brightness wa Paskali, aliyezaliwa tarehe 7 Juni 1995, alipimwa macho akingali mchanga, uvimbe ukakutwa mdogo kama punje ya ulezi, akatibiwa, na leo anatuangalia kwa macho yote mawili.

Marehemu alisumbuliwa na shinikizo la damu tangu mwaka 1996, akafariki tarehe 11 Machi 1998. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Gonja, majirani mliochimba kaburi mvuani, na wenzake wa sokoni Same mliotembea kutoka barabara ilipokatika.

Ameagiza watajwe waliofichwa: Eliakimu, Nakijwa, Eliufoo, na Chiku, binti yangu mimi ninayesoma. Hawakufa kwa surua. Washenga mmesikia, na Jumatano watoto wachanga wote wa ukoo wapelekwe hospitali, mimi nitatangulia na mjukuu wangu.

Shemeji, pumzika kwa amani, hatufichi tena.