Siku Watani Walipogoma Kaburini

Sifa ni za Bwana, wapendwa! Nasimama kwa woga, maana mimi si msemaji tena. Zamani nilisema mno.

Ndugu zangu, nilikuja Zinga kutoka Tabora nikiwa kijana, nikaajiriwa kwenye mashamba ya chumvi. Siku zile! Chumvi inametameta, tunaivuta kwa reki miguu imechanika, na mke wangu Anastazia anakuja na ndoo ya uji. Nilikuwa na vitabu vya ujamaa na wenzangu wachache wa Dar. Niliamini, na bado naamini, kwamba mvuja jasho ananyonywa. Kila mapumziko nilihutubia: tabaka, mabepari, tugome! Wafanyakazi wenzangu walikunywa uji wakanyamaza. Nikawaita waoga.

Siku moja niliitisha mkutano, nikaambiwa mama wa mwenzetu anazikwa. Nikajibu kwamba maiti hangoji haki, wanaoingoja ni walio hai. Mungu anisamehe! Nilikaa peke yangu na karatasi zangu. Wote walikuwa mazikoni.

Mwaka jana Anastazia akafariki. Wenzangu wa Dar walituma ujumbe mzuri kwenye simu. Nikajua nitamzika peke yangu. Ndugu zangu, wale wa chumvi walikuja wote, Waislamu kwa Wakristo, na majembe yao! Lakini mimi Mnyamwezi, wao Wakwere, ni watani, na mtani msibani hana huruma. Nilipofika makaburini, shimo lilikuwa limefika kiunoni. Mwinyimkuu, mmoja wa wale wa chumvi, akajilaza ndani.

"Tumegoma! Si ulitufundisha mwenyewe, Mnyamwezi? Sitoki humu mpaka utusalimie mmoja mmoja, kwa jina!"

Watu wakacheka. Wa kwanza nikamtaja, wa pili nikamtaja. Wa tatu nimevuta naye chumvi miaka sita. Nikashindwa.

"Hajui jina la mwenzake!" akapaza sauti mwingine. "Huyo ni Tabaka bin Tabaka!"

Yule wa tatu hakucheka. "Naitwa Shomari. Aliyezikwa siku ya mkutano wako ni mama yangu. Lakini mkeo alikuja, mtani. Alitupikia."

Nikalia, mara ya kwanza tangu afe. Mwinyimkuu akainuka, akashika jembe, wakamaliza kuchimba.

Ndugu zangu, hapo Bwana alinifungua! Hakunifungua kutoka katika kudai haki. Alinifungua kutoka katika kiburi cha kuwapenda wafanyakazi wote bila kumjua hata mmoja. Sisi wa vitabu huuliza kwa nini hawatufuati. Wangemfuataje mtu ambaye hawajamwona msibani?

Juzi walikwenda wenyewe kwa msimamizi kudai viatu vya mpira. Nami nilikwenda. Wakaniambia nisimame nyuma, ninyamaze. Nikanyamaza. Viatu tulipata!

Natamani Anastazia angeviona. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili ya watani wangu. Nawe uliyebaki peke yako na ukweli wako, mtumaini Bwana leo. Anaweza kukurudisha kwa watu, hata ukiwa umechelewa kama mimi.