Makala Aliyoijutia Bi Asya Haroub Nyange

Bi Asya binti Haroub Nyange alizaliwa Chokocho, kusini mwa Pemba, tarehe 12 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Haroub Nyange na Bi Saada binti Hafiz. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Seif, kama alivyousia mwenyewe, na ndani yake mna jambo ambalo watu kwa kawaida hulizika pamoja na maiti. Seif alimkatalia mara mbili. "Dada, maiti ana sitara yake," alimwambia. Bi Asya akamjibu, "Sitara ni yangu mimi nitakayekufa. Nusaiba yu hai."

Alihitimu Kurani akiwa na miaka tisa, akasoma skuli ya msingi hapa hapa kijijini na sekondari Mkoani. Mwaka 1982 alikwenda Dar es Salaam kusomea lugha na fasihi, akapata shahada yake mwaka 1986. Huko ndiko alikokutana na riwaya za wanawake wa Afrika na Asia wanaoandika kwa Kiingereza, na tangu hapo hakusoma kingine kwa mapenzi yale. Mwenzake wa chumba katika dakhalia ya wanafunzi alimuuliza anatafuta nini humo. "Nataka kusikia wanawake wa kwa watu wanasema nini wakiwa jikoni peke yao," alisema.

Alifundisha sekondari Pemba hadi mwaka 1995, kisha akawa mhadhiri Unguja kwa miaka ishirini na tano. Uhakiki wake ulikuwa mkali na ulisomwa mbali. Kila riwaya aliiuliza swali moja: huyu anaandika ili asomwe na nani? Wanafunzi walikuwa wakiliogopa swali hilo kuliko mtihani. Kila likizo alirudi nyumbani na mkoba wa vitabu, na wachukuzi wa bandarini Mkoani walizoea kumuuliza, "Mwalimu, leo tena umetuletea mawe?"

Aliolewa na Bwana Ashraf Jaribu, mwalimu wa hesabu, tarehe 6 Agosti 1988. Katika mahari yake aliomba kabati la vitabu. Seremala, ambaye hajapata kuagizwa kitu cha namna hiyo kwa ajili ya harusi, alitengeneza kabati la nguo, na fimbo ya kutundikia ndani yake. Bi Asya alicheka mpaka akakaa chini, akapanga vitabu vyake chini ya fimbo ile, na hakukubali iondolewe. Walijaaliwa watoto wawili, Safaa na Abrahman.

Sasa habari ya Nusaiba. Nusaiba alikuwa msichana wa Kiuyu aliyesoma kwa Bi Asya kuanzia mwaka 2003, na Bi Asya mwenyewe alisema hajapata kufundisha mwanafunzi mwenye jicho kama lile. Mwaka 2013 Nusaiba alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa Kiingereza, kwa mchapishaji wa Uingereza. Ndani yake kuna binti anayekimbia kutoka kwa mumewe, mkono umevunjika, na mama anayemrudisha. Anakimbia mara tatu, na mara tatu mama anamrudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka uliofuata Bi Asya aliandika makala kuhusu riwaya hiyo. Alisema imekwenda kuwauzia wageni aibu ambayo haipo. Aliandika maneno haya: "Mama huyu hajapata kuishi katika kisiwa chetu. Amechongwa kwa ajili ya msomaji wa Ulaya." Makala ilisifiwa sana, ikaingia katika orodha za kusomwa na wanafunzi. Kule Kiuyu, ambako hakuna aliyeisoma riwaya, watu walisikia tu kwamba mwalimu mkubwa, Mpemba mwenzao, amesema Nusaiba ni mwongo. Wakwe zake waliacha kuja kwake. Nusaiba hakuchapisha tena.

Bi Asya alistaafu mwaka 2020, akarudi Chokocho kumuuguza mama yake, Bi Saada, ambaye macho yalikuwa yamekwisha nuru. Siku moja mwaka 2021, wakichambua mchele, Bi Saada alimwambia, "Hebu n'hadithie kile kitabu ulichosifiwa nacho." Bi Asya akamsimulia riwaya ya Nusaiba kuanzia mwanzo. Alipofika kwa yule mama, mikono ya Bi Saada ilisimama katika ungo.

"Nani kamwambia mtoto huyo habari za Mgeni?" aliuliza.

Mgeni alikuwa dada mkubwa wa Bi Asya na Seif. Alifariki mwaka 1967, miaka miwili baada ya kuolewa, Bi Asya akiwa na miaka sita. Watoto waliambiwa ni homa.

"N'limrejesha mimi," alisema Bi Saada. "Mara tatu. Baba yako alisema tutaonekanaje. Ya nne hakuja."

Bi Saada alifariki mwezi Machi 2022. Kabla ya hapo aliwaita watoto wake na kuwaambia kwamba akishaondoka, jambo hili lisemwe, maana Mgeni hajapata kulipwa hata neno moja la kweli. Ndiyo maana linasemwa leo.

Bi Asya alikwenda Kiuyu. Nusaiba alimwamkia kama zamani, akamtandikia mkeka.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Bi Asya. "Yule mama yupo. Ni mama yangu."

"Mimi sikumjua mama yako, Mwalimu. Niliandika habari za bibi yangu mzaa baba."

Kwa hiyo walikuwa wawili, na nani ajuaye kama ni wawili tu.

"Mbona hukunijibu? Ungeandika, ungenisuta."

"Kusoma kitabu nilijifunza kwako. Uliposema nimesema uongo, nilikuamini wewe kwanza." Kisha akasema, "Kitabu cha pili nilikuwa nacho. Kurasa mia mbili na kumi. Niliziwashia moto wa kupikia."

Alimsamehe pale pale. Lakini Bi Asya alirudi nyumbani hawezi kula. Alimkiria Seif jambo ambalo hakumkiria mtu mwingine: kwamba yeye pia aliwahi kuanza riwaya yake kwa Kiingereza, akafika ukurasa wa arubaini na kushindwa, na kwamba alipoandika makala ile, wivu ulikuwa umeshika kalamu pamoja naye. "Nilimuuliza anaandika ili asomwe na nani," alisema. "Mimi nilikuwa naandika ili nisifiwe na nani?"

Mwaka 2023 alichapisha makala ya pili, akijikosoa neno kwa neno. Wachache waliisoma. Ile ya kwanza bado inanukuliwa. Alipoona hivyo, aliomba idhini ya Nusaiba, akaanza kuitafsiri riwaya kwa Kiswahili ili isomwe na wanawake wa hapa, ambao ndio wenyewe.

Mwezi Juni mwaka huo aligundulika na saratani ya ini, akatibiwa Dar es Salaam, akarudi alipoambiwa hakuna zaidi. Alifanya kazi ya tafsiri akiwa amelazwa, na Nusaiba alikuwa akija kutoka Kiuyu kila Jumanne kumrekebisha. Sura ambamo mama anamrudisha binti mpaka mlangoni kwa mumewe ilimchukua wiki sita. Mara nyingi alitafsiri neno moja tu kwa siku, kisha akageukia ukutani. Wiki ya mwisho ya kazi hiyo alimuuliza Nusaiba, "Unaandika?"

"Bado, Mwalimu."

Hakuuliza tena. Tafsiri ilikamilika Januari 2025. Bi Asya alifariki nyumbani kwake Chokocho, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, baada ya sala ya alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo kando ya kaburi la Mgeni.

Ameacha mume, Bwana Ashraf, watoto, Safaa na Abrahman, wajukuu wanne, mdogo wake, Seif, na wanafunzi ambao hesabu yao hakuijua. Wale miongoni mwao wanaofundisha, aliwaomba jambo moja: msiichane makala yake ya kwanza. Wapeni wanafunzi zote mbili, pamoja na riwaya, na muwaache wahukumu.

Nusaiba, uliyekaa upande wa kinamama, kwa niaba yake tunakuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa ulikosewa mbele ya watu. Mola amsamehe dada yetu alichokosa kwa kalamu, ampokee pamoja na Mgeni na mama yao, na awape wote watatu utulivu.