Alama Chini ya Kucha za Fundi

“Ni sindano hizo, mama, usinitie presha,” marehemu baba yetu alimwambia binti yake wa mwisho asubuhi ya tarehe 3 Juni 2024, akificha vidole vyenye vistari vyeusi chini ya kucha ndani ya kitambaa cha sare alizokuwa akishona, naye binti, aliyeacha shule kidato cha pili akakaa naye kwenye cherehani, akamjibu, “Sindano gani, baba, inachoma kucha saba kwa mpigo? Leo hushoni, tunaenda hospitali.” Walibishana mpaka mteja akageuzia mlangoni, na safari hii baba alishindwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi viatu, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, na alipokuwa darasa la tano aliumwa koo, ikafuata homa na viungo kuvimba, akalazwa mwezi mzima, akapona, asijue kwamba ugonjwa ule ulimwachia kovu kwenye valvu ya moyo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1984, akajifunza ushonaji, akafungua chumba chake cha kushonea mwaka 1993, na tarehe 9 Septemba 1995 akamwoa mama yetu, wakajaliwa watoto watatu. Siku zote alikata uzi kwa meno, na tukimtania alisema mkasi ni wa kuonyesha wateja.

Jino hilo la kukatia uzi lilioza, likatoa usaha tangu Februari, yeye akahamishia uzi upande wa pili. Aprili ikaja homa, jasho la kulowesha shuka, uchovu, suruali zikampwaya, akanywa dawa za malaria bila kupima, kisha vidonge vya kukausha usaha vilivyobaki kabatini, homa ikatulia siku nne, ikarudi. Daktari alisikiliza moyo, akatazama vile vistari vyeusi chini ya kucha, akachukua damu mara tatu, akampiga picha ya moyo, akatueleza kwamba inaelekea vijidudu vilitoka kwenye fizi, vikapita kwenye damu, vikaota juu ya valvu yenye kovu, na kwamba atachomwa dawa ya mshipa wiki sita, pengine na kupasuliwa. Wiki ya nne alikuwa anakula, hana homa, tukafua nguo zake za kurudia nyumbani. Jumanne, tarehe 2 Julai, saa mbili asubuhi, kipande cha uoto ule wa vijidudu kilikatika kwenye valvu, kikaenda na damu mpaka kwenye ubongo, naye akafariki. Mpaka sasa hatuamini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakukosa sindano hata moja, majirani waliotulindia chumba, na mafundi wenzake waliomaliza zile sare, na tunamwomba yeyote mwenye jino bovu na homa isiyokatika asisubiri kama sisi. Pumzika sasa kwa amani, baba.

Asubuhi ile ya Jumanne binti alikuta pazia la kitanda limevutwa, futi ya kupimia ikiwa mkobani mwake, kwa sababu Jumatatu jioni baba alimsindikiza akiburuta dripu, akamnong'oneza mlangoni mwa wodi: “Kesho njoo na futi, mama, huyu nesi sare inampwaya mabegani, nami silali nikiiona.”